Nani Atafundishwa Kuchunguza Utunzaji wa Wazee Wetu?

   Wababa na wamama, vijana, wazee wetu, naomba masikio yenu kwa dakika chache.

Leo tunaongea juu ya kazi ambayo wengi wetu hatujui kwamba kuna watu wanaoisomea. Ni kazi ya kuchunguza namna nzuri ya kumtunza mtu mzima ambaye akili yake imeanza kumtoroka. Na swali langu kwenu ni hili: hapa kwetu Kavimvira, mtaa wa mji wa Uvira karibu na mpaka wa Burundi, nani atafundishwa kazi hiyo? Muuguzi wa kituo cha afya? Binti yako anayemaliza chuo cha uuguzi mwaka huu? Au tutaendelea kungoja mtu aje kutoka mbali, ajaze fomu zake, aondoke nazo?

Tuanze na ugonjwa wenyewe, ili tuwe pamoja.

Mfikirie mama aliyeuza mikeke sokoni miaka mingi. Alikuwa anabadilisha faranga za Kongo na faranga za Burundi kichwani, bila karatasi, na hakuna aliyemdanganya. Sasa anarudisha chenji mara mbili kwa mteja mmoja. Anauliza swali, unamjibu, na kabla chai haijapoa anauliza tena lile lile. Au mfikirie mzee aliyejua kila njia ya kupanda milima ya Mitumba, leo anapotea kati ya kanisa na nyumba yake. Usiku wa manane anaamka, anachukua jembe, anataka kwenda kulima shamba ambalo mafuriko ya 2020 yalilimaliza. Ukimzuia anakukasirikia, anasema wewe ni mwizi, wewe uliyezaliwa mikononi mwake.

Mnawajua watu hawa, sivyo? Hakuna kartie, yaani mtaa, hapa Uvira isiyo nao.

Madaktari wanauita ugonjwa huu dimensia. Ubongo unaharibika polepole, kwa miezi na miaka. Aina inayojulikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, na nyingine inatokana na mishipa ya damu, hasa kwa watu wenye presha au waliowahi kupata kiharusi. Ngoja niseme jambo moja hapa kabla hatujaendelea, kwa sababu linaokoa maisha: mzee aliyechanganyikiwa ghafla, jana alikuwa mzima na leo haeleweki, huyo mpelekeni hospitali leo hii. Inaweza kuwa malaria, homa nyingine au sukari. Dimensia haiji kwa usiku mmoja.

Dawa ya kuiponya dimensia haijapatikana mahali popote duniani. Lakini sikilizeni vizuri: kukosa dawa ya kuponya hakumaanishi kukosa la kufanya. Kuna namna za kuongea na mgonjwa, za kupanga siku yake, za kumshughulisha, za kumpumzisha anayemtunza, ambazo zimejaribiwa na kuonekana zinasaidia. Utunzaji una ujuzi wake, na ujuzi huo unachunguzwa kama dawa inavyochunguzwa.

Na tusipochunguza, inakuwaje? Pengo linajazwa na maneno mengine. Ng'ambo ya mto mkubwa, kule Kongo-Brazzaville, watafiti waliofuatilia wagonjwa wa dimensia walikuta kwamba baadhi ya wazee hao walipelekwa na jamaa zao mbele ya mahakama ya kimila na kuhukumiwa. Na hapa kwetu Kivu Kusini mnakumbuka mwaka 2021, wanawake waliouawa na makundi ya watu kwa madai ya uchawi, baada ya kutajwa na wale wanaoitwa bajakazi, wanaodai kuwatambua wachawi. Sisemi kwamba wanawake hao walikuwa na dimensia, hakuna aliyewapima. Lakini nasema bibi anayetembea usiku akiongea peke yake, asiyetambua wajukuu wake, yuko hatarini mahali ambapo majirani hawana maelezo mengine. Jambo hili linaniumiza, na ndiyo sababu nimeomba kipindi hiki.

Basi, twende kwenye utafiti.

Mwaka 1998 watafiti kutoka nchi mbalimbali waliunda kundi wakaliita 10/66. Jina hilo ni hesabu yao ya siku zile: wagonjwa 66 katika kila 100 wa dimensia duniani walikuwa katika nchi kama zetu, lakini hata sehemu 10 katika kila 100 za utafiti hazikufanywa huko. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria wagonjwa wa dimensia kuwa zaidi ya milioni 55, na wengi wao bado wako katika nchi maskini na za kipato cha kati. Wagonjwa wako huku, wachunguzi wako kule.

Lakini kuna habari njema, na iko katika Kiswahili.

Kule Tanzania, wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita kijiji kwa kijiji wakiwapima wazee wa miaka 70 na zaidi. Walikuta kama wazee sita katika kila mia wana dimensia. Sasa, unampimaje mzee ambaye hakukaa darasani? Vipimo vingi vya Ulaya vinamwambia mtu achore saa, aandike sentensi, ahesabu kwa kurudi nyuma. Mpe kalamu bibi ambaye hajawahi kuishika, atashindwa, nawe utasema akili yake imekwisha, kumbe ni mzima kuliko wewe. Watafiti wa Hai pamoja na wenzao wa Nigeria walitengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA. Mzee anaulizwa leo ni siku gani. Anaulizwa jina la kiongozi wa kijiji. Anataja wanyama wengi kadiri anavyoweza. Anasikia maneno kadhaa na baadaye anaombwa ayakumbuke. Na mahali pa kuchora, anapewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa.

Njiti za kiberiti, wasikilizaji! Kitu kinachopatikana kwenye kila kiduka cha Kavimvira. Huhitaji mashine ya mamilioni ya dola.

Kisha hawakuishia kupima. Waliuliza: tukishamjua mgonjwa, tumsaidieje? Wakachukua njia moja iliyotengenezwa London, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003 na Aimee Spector na wenzake. Wagonjwa wachache wanakutana pamoja mara mbili kwa wiki, mara 14 kwa jumla, wanaongea, wanaimba, wanacheza, wanakumbuka mambo ya zamani, wanataja vyakula na vitu. Watu wa Hai waliigeuza ifae kijijini, ikaongozwa na wahudumu wa pale pale, na wazee wakakaa na kuongea katika lugha yao. Walikuwa wagonjwa 34 tu, kazi ndogo. Hata hivyo akili za wagonjwa zilipata nafuu, na wasiwasi wao ukapungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Kwa nini naikalia sana habari ya Hai? Kwa sababu waliofanya kazi ile vijijini walikuwa wauguzi na wataalamu wa tiba kwa njia ya shughuli za kila siku. Walifundishwa. Walifundishwa kupima, kuongoza kikao, kuandika walichokiona bila kukipamba. Na walitumia lugha hii ninayoongea nanyi sasa.

Mtu ataniuliza: basi si tuchukue tu karatasi za Hai tuzitumie Uvira? Hapana, na hapo ndipo mtafiti wa kwetu anapohitajika. Chukueni lile swali la jina la kiongozi. Hapa Kavimvira kuna familia zilizokimbia vita huko milimani, kuna waliohamishwa na maji ya Ziwa Tanganyika, kuna waliovuka kutoka Burundi. Bibi aliyefika juzi hamjui shefu wa kartie, na ubongo wake hauna kosa lolote. Kiswahili cha Kilimanjaro si kile cha mama wa Kifuliiru au cha mzee wa Kibembe. Nani atalijua hilo? Mtu aliyekulia hapa. Mtaalamu wa ng'ambo, hata awe na moyo mzuri kiasi gani, atalipita bila kuliona.

Sasa tuje kwenye mafunzo. Milango iko wapi?

Iko mingi, lakini nitakuwa mkweli: mingi haikujengwa kwa ajili ya mtu wa Kavimvira. Mmoja mkubwa unaitwa Global Brain Health Institute, ulifunguliwa mwaka 2015 katika vyuo vikuu viwili, kimoja San Francisco na kingine Dublin. Wanachukua watu kwa mwaka mzima, madaktari, wauguzi, wafanyakazi wa jamii, hata waandishi wa habari na wasanii. Ni mafunzo mazuri sana, na ni ya Kiingereza. Ulaya kuna mtandao wa INTERDEM, unaolea watafiti vijana wa utunzaji wa dimensia, ule utunzaji usio wa dawa. Nairobi kuna CARTA, tangu mwaka 2008, inasaidia walimu wa vyuo vikuu wanachama kufikia udaktari wa falsafa. Nayo ni ya Kiingereza.

Sisi tulisoma kwa Kifaransa. Kwa hiyo kijana wetu atazame pia upande huo. Limoges, Ufaransa, kuna watu ambao kwa miaka mingi wamechunguza magonjwa ya ubongo ya nchi za joto pamoja na Waafrika. Kazi yao kubwa ya Afrika ya Kati, iitwayo EPIDEMCA, ilifanyika mwaka 2011 na 2012 huko Bangui na Nola, Brazzaville na Gamboma. Ubelgiji kuna Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ambako Wakongomani wengi wa afya wamesoma kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji. Na Kinshasa yenyewe, katika chuo kikuu, kuna shule ya afya ya umma na hospitali ya magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, na huko Profesa Jean Ikanga, anayefundisha pia katika Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani, amekuwa akiongoza utafiti wa Alzheimer kwa wazee wa Kongo. Kwa hiyo msiseme nchi yetu haina mtu. Mwanzo tunao.

Lakini mlango ninaoupenda zaidi kwa watu wetu ni mmoja usio na jina kubwa. Unaitwa SORT IT, unaratibiwa na programu ya TDR iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, na ulianza mwaka 2009. Niwaeleze unavyofanya kazi, maana ndio unaomfaa mtu aliye kazini. Unakuja na swali kutoka kituo chako mwenyewe. Wanakufundisha kuligeuza swali liwe mpango wa utafiti. Unarudi kazini, unakusanya majibu. Unakutana nao tena, mnapanga na kuhesabu. Unakutana nao mara ya mwisho, mnaandika makala mpaka itumwe kwenye jarida. Usipomaliza hatua moja, huendi ya pili. Hakuna kukaa darasani miaka, hakuna kuacha watoto na kazi. Mara nyingi wamefundisha kuhusu kifua kikuu, ukimwi na magonjwa mengine ya kuambukiza. Maombi yangu kwao, kama kuna anayeweza kuwafikishia: fungueni kozi moja ya utunzaji wa wazee, kwa Kifaransa, kwa ajili ya watu wa Maziwa Makuu.

Kwa wale wenye simu na megabaiti kidogo tu, Shirika la Afya Duniani lina mambo mawili ya bure. Moja ni mwongozo wa mhGAP, wenye sura nzima ya dimensia kwa ajili ya mhudumu asiye daktari wa akili, nao uko kwa Kifaransa. La pili ni iSupport, iliyotoka mwaka 2019, kwa ajili ya mtu anayemtunza mgonjwa nyumbani. Hayo hayakufanyi mtafiti, lakini ukiyasoma utajua cha kuuliza.

Kujua cha kuuliza. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Mnaikumbuka kazi ya kipindupindu iliyofanyika hapa Uvira? Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha afya cha London walichapisha makala juu ya mji wetu. Walichukua vitu viwili vya kawaida kabisa. Cha kwanza, kumbukumbu za REGIDESO, shirika la maji, zinazoonyesha siku ambazo maji yalitoka na siku ambazo bomba lilikuwa kavu. Cha pili, daftari la wagonjwa la kituo cha kipindupindu katika Hospitali Kuu ya Uvira, tangu 2009 mpaka 2014. Wakayaweka pamoja. Wakaona kwamba bomba likikauka siku moja, wagonjwa wanaongezeka sana katika siku 12 zinazofuata. Mama yeyote wa Kavimvira angeweza kuwaambia hivyo, kweli. Lakini neno la mama halikuwa na karatasi, na karatasi ndiyo inayosikilizwa na mwenye pesa za kujenga bomba.

Na lile daftari, nani alilijaza? Wauguzi wetu wa zamu. Majina ya wagonjwa, tarehe, umri, mahali wanapotoka. Kazi ya utafiti ilikuwa imekwisha kuanza mikononi mwao. Kilichokosekana ni mafunzo ya kuuliza swali na kulijibu wao wenyewe.

Sasa niambieni, daftari la kituo chako linasema nini juu ya mzee anayesahau? Mara nyingi hakuna mahali pa kumwandika. Anakuja na mjukuu wake, anaandikwa presha, au malaria, au uchovu, anapewa vidonge, anarudi nyumbani. Mwaka mzima unapita na kwenye ripoti ya zoni ya afya hayupo hata mmoja. Na mkubwa anayesoma ripoti ile atasema: Uvira hakuna dimensia.

Ndiyo maana mimi nina msimamo, na nausema wazi. Kama nafasi ya mafunzo ni moja, apewe muuguzi wa kituo, au mfanyakazi wa jamii, kabla ya mtu anayetaka kusomea mashine za kupiga picha ubongo. Naheshimu mashine. Lakini Uvira leo swali kubwa si picha ya ubongo. Swali ni: binti anayemtunza mama yake mchana na usiku, ambaye ameacha kuuza ndagala kwa sababu hawezi kumwacha peke yake, tumsaidieje? Je, mhudumu wa kujitolea wa mtaani, yule tunayemwita RECO, akimtembelea mara moja kwa wiki na kumfundisha namna ya kuongea na mgonjwa, mambo yanabadilika? Je, vikao kama vya Hai vinaweza kufanyika katika ukumbi wa parokia au uani mwa msikiti? Kundi la 10/66 lilikwisha kutengeneza mafunzo mafupi kama hayo kwa ajili ya wahudumu wa jamii, ziara tano tu nyumbani. Hapa kwetu sijasikia kwamba yamejaribiwa. Muuguzi mmoja aliyefundishwa vizuri anaweza kuyajaribu.

Na asiwe peke yake. Bujumbura iko hapo karibu, mpaka ukiwa wazi, na pale Kamenge kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Mabruda wa Upendo. Mabruda hao hao wana kituo cha SOSAME kule Bukavu. Bukavu pia kuna vyuo vikuu, na Chuo Kikuu Katoliki kina kamati ya maadili inayopitia utafiti wa afya. Msidharau kamati hiyo. Mzee mwenye dimensia hawezi kila mara kukubali mwenyewe kwa akili timamu, kwa hiyo lazima familia ielezwe, ikubali, na iwe huru kukataa. Na hata mgonjwa asiyekumbuka jina lako, akisukuma karatasi yako na kugeuza uso, amekujibu. Mheshimu.

Wazazi, nanyi nina neno. Kijana akikuambia amepata nafasi ya masomo ya kuchunguza wazee wanaosahau, usimwambie amepoteza bahati, kwamba wenzake wanasomea upasuaji. Na wewe kijana, uwe mwangalifu. Mtu akikupigia simu na kusema umtumie dola hamsini kwa simu ili akupitishe kwenye ufadhili, huyo ni tapeli. Ufadhili wa kweli una tangazo la wazi, una masharti yaliyoandikwa, na utakudai vitu vingine: barua ya mkuu wako wa kazi, diploma zako, na ukurasa mmoja au kurasa mbili za kueleza unataka kuchunguza nini na kwa nini. Ukurasa huo ndio unaowaangusha wengi. Wanaandika maneno makubwa ya kutaka kuendeleza bara la Afrika. Andika juu ya kituo chako. Andika ulichokiona Kavimvira.

Kwa hiyo nawaombeni kazi moja wiki hii, nyinyi wauguzi, wanafunzi wa vyuo vya afya, RECO, na nyinyi mnaotunza wazazi nyumbani. Andikeni swali moja juu ya utunzaji wa mzee anayesahau, swali ambalo jibu lake hamlijui na mngependa kulijua. Mistari mitatu inatosha, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kifuliiru, yote ni sawa. Msitaje jina la mgonjwa wala la familia yake. Mtumeni mwanafunzi aje hapa redioni na karatasi hiyo, au mpeni muuguzi mkuu wa kituo chenu atufikishie. Wiki ijayo, saa hii hii, tutayasoma maswali hayo hewani, na tutachagua moja tulifanyie kazi pamoja hatua kwa hatua, kana kwamba tunaomba nafasi ya mafunzo: swali, njia ya kulijibu, ruhusa ya kuomba, na barua ya kutuma.